Kibuyu cha Mshindi

Miaka haina haraka katika nchi ya Ushirombo. Huja na mvua za Novemba, hukaa juu ya mashamba ya mtama hadi masuke yapate uzito, kisha huondoka na vumbi la Agosti bila kumuaga mtu. Katika miaka ya namna hiyo, ambayo sasa imefika thelathini kasoro miwili, Mwalimu Epifania Otmar amesimama kila Jumatatu asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi ya Buhemela, filimbi shingoni, akiwatazama watoto wakikimbia. Alianza mwaka wa uhuru akiwa binti wa miaka ishirini. Leo nywele zimekuwa nyeupe na goti la kushoto linamsumbua, lakini filimbi ni ileile, na watoto, kwa kadiri wanavyoonekana kwa mbali, ni walewale.

Baba yake, Otmar, alikuwa katekista, mtu wa vitabu na wa sala, aliyewalea mabinti wawili katika nyumba ambamo pombe haikuingia. Epifania alikuwa mkubwa. Alisomeshwa na masista, akafuzu ualimu, akarudi kufundisha nyumbani. Hakujaliwa mume wala mtoto wa tumbo lake. Mdogo wake, Paskalia, aliolewa na Jilala, kijana aliyesifiwa mbugani kote kwa nguvu za mikono yake. Mwaka 1967, mwezi wa Desemba, Jilala alitoka kwenye pombe ya wakulima, akalala njiani, mvua ikamkuta hapo, asiamke tena. Miaka miwili baadaye Paskalia mwenyewe alishikwa na homa. Siku ya mwisho alimwita dada yake, akamwekea mkononi mkono wa mwanawe, Makoye, aliyekuwa na miaka minne.

"Dada," alisema, "sikuombi umsomeshe, najua utamsomesha. Nakuomba jambo moja. Asife kama baba yake."

"Hatakufa hivyo," Epifania akajibu.

Aliahidi haraka, kama mtu anavyoahidi mbele ya mgonjwa. Maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa jitihada ya kulitimiza neno hilo.

Ili msomaji aelewe uzito wa ahadi hiyo, yafaa ajue jinsi watu wa Buhemela wanavyolima. Mtu mwenye shamba kubwa hupika pombe ya mtama, akawaita majirani, nao huja na majembe na ngoma. Hujipanga kwenye ncha moja ya shamba na kulima kwa mdundo, majembe yakirushwa juu na kudakwa, kila mmoja akishindana na mwenzake kuufikia upande wa pili. Anayefika wa kwanza huitwa mbele ya wazee. Mzee humnyoshea kibuyu cha kwanza kwa mikono miwili, naye hupiga goti na kunywa watu wakimtazama. Kibuyu hicho hakikataliwi. Anayekikataa ni kana kwamba amesema hadharani kuwa mzee ametia sumu. Baada yake hunywa wote, na watoto pia, maana nao wamelima, au wamebeba maji, au wamefukuza ndege. Mtoto mchanga hulambishwa kidole. Wa miaka sita hupewa machicha ya pombe. Wa miaka kumi hupewa kibuyu chake mwenyewe, na hakuna aliyeona ubaya wowote katika jambo hilo, kwa kuwa kila mmoja aliyekuwa hai alikuwa amekua hivyo.

Yasimuliwa kwamba Wasparta wa kale, wale Wayunani waliojulikana kwa ukali wa malezi, waliwanywesha watumwa wao hadi wakalewa, wakawaleta wakiyumba mbele ya vijana, ili vijana wauchukie ulevi kwa kuuona. Otmar aliisikia habari hiyo kwa mapadre waliomfundisha, akawahadithia binti zake. Epifania aliifikiria sana alipoanza kazi, kisha akaiacha. Watoto wa Buhemela hawakuhitaji kuletewa mtumwa. Waliwaona baba zao wenyewe wakiyumba kila Jumamosi, wakawapenda, na hawakujifunza kitu.

Ndipo akatafuta njia nyingine, akaipata katika mbio. Wakulima walikutana Jumamosi, na Jumapili baada ya Misa yalimalizwa mabaki. Basi kila Jumatatu, kabla ya somo lolote, aliwatoa watoto uwanjani wakimbie mizunguko mitatu. Hakuwahubiria. Aliwaweka wawili wawili, aliyekunywa na asiyekunywa, akawaacha waende. Baada ya mzunguko wa kwanza mmoja alianza kushika ubavu. Baada ya wa pili alikaa chini.

"Nani amekushika mguu?" aliuliza.

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi simama uende."

"Mguu hautaki kwenda, Mwalimu."

"Ijumaa ulikwenda vizuri. Uulize umekunywa nini tangu Ijumaa."

Watoto wengine walicheka, kisha wakayaacha maneno hayo yawaingie. Darasani aliwachorea ubaoni moyo, mapafu na ini, akawaonyesha njia ambayo kinywaji hupita na mahali kinapoharibu. Aliwafundisha kuhesabu mapigo ya moyo kwa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono. Aliwafundisha kunawa, kula mboga za majani, na kulala mapema. Lakini yale ya ubaoni waliyasahau, na yale ya Jumatatu waliyakumbuka, kwa kuwa waliyapata katika miili yao wenyewe.

Makoye alilelewa ndani ya mafunzo hayo. Kinywa chake hakikujua pombe. Alipofika miaka kumi na moja hapakuwa na mtoto mbugani aliyeweza kumfikia, na aliyemkaribia alikuwa Zipora tu, binti wa jirani, mwembamba na mwenye mdomo.

"Makoye, unakimbia kama kuku aliyeona panga," alimtania.

"Na wewe uko nyuma ya kuku."

Mwaka 1976 Mwalimu aliamua kuwapeleka kwenye mashindano ya shule za tarafa, pale Ushirombo. Hapo alipata shida ambayo hakuitegemea. Mazoezi yalikuwa jioni, na watoto walikuja na njaa, maana wengi hawakula tangu asubuhi. Aliwaomba mama zao wapike togwa, uji mtamu wa kimea usiochachuka. Na ili watoto wakimbie kwa bidii, aliweka utaratibu: atakayefika wa kwanza ataitwa mbele, atapewa kibuyu cha kwanza cha togwa kwa mikono miwili, kisha wengine watakunywa. Aliona kwamba amefanya jambo la busara. Alikuwa amechukua heshima ambayo watoto waliitamani tangu utotoni, akaitoa sumu, akaibakiza tamu. Mama zao walipika kwa moyo mkunjufu kuliko alivyotazamia. Walikuja hata kutazama, wakapiga vigelegele Makoye alipopiga goti. Alishukuru kwa hilo, asijiulize walikuwa wanashangilia nini.

Kabla ya mashindano alikwenda kwenye mkutano wa kijiji. Watu walikuwa wamehamishiwa pamoja miaka miwili nyuma, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Bujiku, mtu mwenye sauti nzito na mcheshi, ambaye mbele yake hata waliogombana walicheka. Mwalimu aliomba kijiji kikataze kuwapa watoto pombe.

"Mwalimu," Mzee Bujiku akasema, "watoto wanalima pamoja nasi. Anayelima hunywa. Au unataka tuwanyweshe maji ya lambo pamoja na ng'ombe?"

Watu wakacheka.

"Nataka muwape uji, Mzee."

"Uji ni wa mgonjwa!" akadakia Mama Klara. Huyu ndiye aliyepika pombe iliyosifiwa kuliko zote kijijini, na hakuna shamba lililolimwa bila kuitwa yeye.

"Mama Klara, mwanao ana miaka tisa. Jumatatu alikimbia nusu ya uwanja akatapika. Niseme alitapika nini?"

"Sema, mayu, mama yangu, sema! Nilipika mwenyewe, sioni haya!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na Mwalimu mwenyewe nusura acheke. Mzee Bujiku akainua mkono.

"Sisi sote hapa tumekua kwa pombe hiyo. Mimi ni mgonjwa?"

"Wewe ni mzima, Mzee. Jilala naye alikua kwa hiyohiyo."

Jilala alikuwa wa ukoo wa Bujiku, mtoto wa ndugu yake. Mzee akasema bila mzaha: "Haya. Shule yetu haijawahi kurudi na kitu kutoka Ushirombo isipokuwa vumbi. Watoto wako wakishinda mbio bila pombe, nitajua unasema kweli. Nitaandika sheria kwa mkono wangu: mtoto asipewe."

Siku ya mashindano waliondoka alfajiri kwa miguu. Walikuwa wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, kwa mbio za kupokezana vijiti. Mistari ilikuwa imechorwa kwa majivu, na shule nyingine zilikuja na fulana za rangi. Watoto wa Buhemela walikimbia kwa nguo zao za shule, bila viatu. Zipora alipokea kijiti wakiwa wa nne, akamkabidhi Makoye wakiwa wa pili. Mwalimu hakuona mita za mwisho. Alikuwa amefumba macho, akisali, na alijua yaliyotokea kwa kelele za watu na kwa Zipora kumrukia shingoni akilia, "Mwalimu, tumewala! Tumewala wote!"

Walirudi kwa kuimba. Mwalimu alitembea nyuma yao, na katika njia ile ndefu, kama alivyokiri baadaye, alizungumza na marehemu mdogo wake kwa sauti kama mtu anayetoa taarifa ya kazi iliyokwisha.

Jumamosi iliyofuata kijiji kizima kilikutana mbele ya ofisi. Mzee Bujiku alisimama na karatasi, akasoma: "Tangu leo mtoto yeyote asipewe pombe katika kijiji cha Buhemela." Watu walipiga makofi. Wengine walilia kwa furaha, maana watoto wao walikuwa wameleta jina. Mwalimu alimtazama Makoye, akaona kwamba neno lake limetimia. Kisha Mzee akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akamwita Makoye mbele. Mama Klara alileta kibuyu. Mwalimu alikijua kwa povu lake kabla hakijafika.

"Mzee," alisema akisogea, "umesoma sasa hivi."

"Nimesoma mtoto." Mzee Bujiku alitabasamu kwa upendo wa kweli. "Aliyewaangusha watu wa tarafa nzima ni mtoto? Mtoto gani huyo, Mwalimu?"

Umati ukaitikia kwa shangwe. Mzee alinyosha kibuyu kwa mikono miwili.

"Pokea, mwana wa Jilala. Baba yako alikuwa wa kwanza katika kila shamba alilolima. Hiki ni chake."

"Makoye," Mwalimu akasema, "mwanangu, usinywe."

Kijana alimtazama mama yake mkubwa, akamtazama mzee wa ukoo wake, ambaye mikono yake ilikuwa bado imenyoshwa. Tangu azaliwe hakuna aliyelitaja jina la baba yake kwa sifa. Alikuwa amefundishwa mwezi mzima, jioni baada ya jioni, namna ya kupokea kibuyu cha kwanza. Mwili wake ulijua la kufanya. Akapiga goti, akanywa hadi mwisho.

Zipora hakupewa, kwa sababu alikuwa msichana. Hivyo ndivyo alivyookoka, kwa kusahauliwa.

Jioni Mwalimu alikwenda kwa Mama Klara kwa hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo.

"Umemuua mtoto wa Paskalia."

Mama Klara alishangaa kwa dhati. Aliweka chini kinu, akamkaribisha kigoda.

"Mayu, kaa. Mimi nimemuua? Si wewe uliyemtayarisha? Tulikuja tukaona: unamwita mbele, unampa kwa mikono miwili, anapiga goti. Tukasema, Mwalimu kumbe ana heshima, anawafundisha taratibu, anaanza na togwa. Tulifurahi. Nilidhani unajua unachofanya."

Epifania alikaa kwenye kigoda.

Sheria ya Mzee Bujiku ilibandikwa ukutani mwa ofisi, na yafaa isemwe kwamba haikuvunjwa hata siku moja. Hakuna mtoto aliyepewa pombe. Ila aliyewahi kufikisha jembe upande wa pili hakuwa tena mtoto, wala aliyempata ng'ombe aliyepotea, wala aliyefaulu mtihani. Ikawa heshima mpya, na watoto waliishindania. Kabla ya hapo walikuwa wakinywa kwa kuwa hakuna aliyefikiri juu yake. Sasa walikunywa kwa kuwa wamestahili.

Jumatatu iliyofuata Makoye alikimbia wa tatu. Mwezi uliofuata alikimbia wa mwisho, akicheka. Mwalimu alimkanya, akamfungia, akamwombea novena, akamlilia. Kijana alikuwa mpole siku zote. "Nisamehe, Mama mkubwa," alisema, akimaanisha, kisha akaenda walikomwita. Mwaka 1981 alikwenda Bugarama, ambako watu walikuwa wakichimba dhahabu kwa sururu na kamba.

Mwaka 1984 Mwalimu alimfuata. Alimkuta kati ya mashimo na vibanda vya nyasi, akiponda mawe, kifua kimebonyea, macho mekundu. Mwenzake alimwona mwanamke wa makamo mwenye filimbi shingoni, akapiga kelele: "Oya, Makoye! Kaja refa!"

Wachimbaji wakaangua kicheko. Makoye hakucheka. Alifuta mkono kwenye suruali, akainama.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tuondoke."

"Twende wapi?"

"Nyumbani. Utapumzika. Utaanza kukimbia kidogo kidogo, utaona."

Makoye alimwonyesha mdomo wa shimo, ambalo wao huliita duara. "Kule chini hakuna hewa wala mchana. Mtu hashuki akiwa na akili zake zote. Nikiacha kunywa sitashuka, na nisiposhuka sina lolote la kufanya." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayemfariji: "Usijilaumu. Zile mbio zilikuwa nzuri. Nilikuwa nawasikia wote nyuma yangu."

Mwalimu alirudi peke yake. Miaka mitatu baadaye wachimbaji walimleta Makoye kwa machela, tumbo limevimba, macho ya manjano. Mwalimu, aliyekuwa amechora ini ubaoni mara mia, hakuhitaji kuambiwa. Alimuuguza karibu mwaka mmoja. Alimwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akasali naye rozari jioni. Makoye alipokea Sakramenti akiwa na fahamu zake, akafariki mwezi wa Machi 1988, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na akazikwa kati ya mama yake na baba yake. Wanaume waliochimba kaburi walinyweshwa, kama ada ilivyo. Pombe ilitoka kwa Mama Klara, ambaye alilia kuliko wote. Mwalimu alitazama mitungi ikipita.

Jumatatu baada ya matanga alikuwa uwanjani. Walikuja watoto saba. Wawili walikaa chini baada ya mzunguko wa kwanza. Alipoulizwa na mwalimu mwenzake kwa nini anaendelea, alijibu kwamba haamini tena kuwa itasaidia, ila hajui namna nyingine ya kuianza wiki. Zipora, ambaye sasa ana watoto wawili, huwaleta.

Mungu mwenye huruma, anayeihesabu jitihada hata pale isipozaa, amtazame mtumishi wake Epifania katika miaka yake iliyobaki, ampe usingizi usiku na goti lisilouma asubuhi. Amwondolee mzigo wa kosa ambalo alilitenda kwa upendo. Ampokee Makoye, na Paskalia aliyemkabidhi, na Jilala aliyelala njiani, awakutanishe mahali ambapo hakuna kiu. Na awalinde watoto wote wa Buhemela, ambao hakuna mwingine wa kuwalinda. Amina.